Denis Burkitt: Daktari wa Jicho Moja Aliyechora Ramani ya Saratani ya Watoto

Anayetoka Njombe mjini, penye mwinuko wa karibu mita 2,000, akashuka hadi mwambao wa Ziwa Nyasa upande wa Ludewa, huvua koti kabla ya kufika. Mkoa ni mmoja, lakini huku juu ni baridi, viazi na chai, na malaria ni adimu. Kule chini ni joto, mihogo na chandarua. Hali ni hiyohiyo kwa anayetoka Makambako akateremkia bonde la Usangu. Tofauti hiyo ya joto na mwinuko, ambayo sisi tumeizoea, ndiyo iliyomwongoza daktari mmoja aliyefanya kazi Uganda kufumbua fumbo la saratani iliyokuwa ikiua watoto wa Afrika bila kujulikana jina lake.

Denis Parsons Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 katika mji wa Enniskillen, Ireland ya Kaskazini. Baba yake alikuwa mhandisi wa barabara, na katika saa za mapumziko aliwavisha ndege wadogo pete miguuni, akachora ramani ya mahali kila mmoja alipoishi. Mtoto alirithi mapenzi hayo ya ramani. Akiwa na umri wa miaka 11, alipigwa jiwe usoni shuleni, miwani ikavunjika, na jicho lake la kulia likapotea.

Alianza masomo ya uhandisi huko Dublin, kisha akahamia udaktari kwa kuamini kwamba ndiyo njia aliyoitiwa na Mungu. Alipoomba kazi ya udaktari katika makoloni, alikataliwa kwa sababu ya jicho lake. Hakukata tamaa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alitumika kama daktari wa jeshi, akafika Afrika Mashariki, na mwaka 1946 hatimaye akapokewa Uganda. Alianzia Lira, ambako alihudumia eneo kubwa mno, kisha mwaka 1948 akahamishiwa Hospitali ya Mulago, Kampala.

Mwaka 1957, daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita amtazame mtoto aliyevimba taya pande zote, juu na chini, kulia na kushoto. Burkitt hakuwa amewahi kuona jambo kama hilo. Wiki chache baadaye, akiwa katika hospitali ya Jinja, alichungulia dirishani akamwona mtoto mwingine mwenye uso uliovimba vilevile, akiwa na mama yake. Alitoka nje kumpima, akakuta na tumboni mna uvimbe. Mtoto mmoja angeweza kuwa wa ajabu; wawili walikuwa swali. Alifungua majalada ya hospitali, akagundua kwamba uvimbe wa taya na ule wa tumbo, uliokuwa ukiandikwa kwa majina mbalimbali, ulikuwa ugonjwa mmoja. Mwaka 1958 alichapisha habari zake.

Hakuwa na maabara kubwa wala fedha nyingi. Kwa msaada mdogo alichapa vipeperushi vyenye picha za watoto wagonjwa, akavituma kwa hospitali za serikali na za misioni kote barani, akiuliza kama ugonjwa huo umeonekana huko. Majibu aliyaweka kwenye ramani, nukta moja moja. Ukatokea mkanda mpana uliokatiza katikati ya Afrika.

Ili ajue mkanda ule unaishia wapi na kwa nini, Oktoba 1961 aliondoka Kampala kwa gari kuukuu la Ford pamoja na madaktari wawili wamisionari, Ted Williams na Cliff Nelson. Walisafiri takriban wiki kumi, kilomita zipatazo 16,000, wakapita Tanganyika iliyokuwa ikijiandaa kwa uhuru wake wa Desemba mwaka huohuo, wakaenda hadi Afrika Kusini na kurudi. Waliingia katika hospitali karibu 60, nyingi zikiwa za misioni, wakauliza swali lilelile.

Majibu yalikuwa na mpangilio. Karibu na ikweta, ugonjwa haukuonekana katika nyanda zilizozidi mwinuko wa mita 1,500 hivi. Kadiri walivyokwenda kusini, mpaka huo ulishuka. Haikuwa mwinuko wenyewe, bali joto na mvua. Palipo na baridi kali au ukame mwingi, ugonjwa ulitoweka. Ilikuwa ni kama ramani ya mbu, na baadaye ushahidi ulielekea kwenye malaria.

Wakati huohuo, Machi 1961, Burkitt alikuwa ametoa mhadhara London, na mtafiti Anthony Epstein alikuwa miongoni mwa wasikilizaji. Walikubaliana vipande vya uvimbe visafirishwe kwa ndege kutoka Kampala. Mwaka 1964, Epstein na wenzake, Bert Achong na Yvonne Barr, walitangaza kwamba wameona virusi vipya ndani ya seli hizo. Hivyo ndivyo virusi vya Epstein-Barr, vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Hata hivyo virusi hivyo huwamo katika miili ya watu wengi duniani bila kuwaletea saratani hiyo. Jibu lililobaki lilifichika katika jeni. Karibu kila seli ya mwili ina DNA yote, lakini hufungua jeni inazozihitaji tu na kuzifunga nyingine. Ipo jeni iitwayo MYC, inayoiamuru seli kunakili DNA yake na kugawanyika. Kwa kawaida hufunguliwa kwa muda na kufungwa tena. Mwaka 1982 wanasayansi waligundua kwamba katika saratani ya Burkitt, kipande cha kromosomu ya 8 chenye jeni hiyo hukatika na mara nyingi kuungwa kwenye kromosomu ya 14, jirani na jeni ya kutengeneza kingamwili, ambayo katika seli hizo za damu huwa wazi daima. Basi MYC nayo hubaki wazi. Vimeng'enya vya kunakili DNA havipumziki, na uvimbe huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili.

Na malaria? Seli za kinga zina kimeng'enya kinachobadilisha DNA yao wenyewe ili kuboresha kingamwili. Tafiti zimeonyesha kwamba malaria inayojirudia hukichochea mno kimeng'enya hicho, na hatari ya mikato isiyokusudiwa huongezeka. Virusi kwa upande wao huisaidia seli iliyoharibika isife. Hivyo ramani iliyochorwa barabarani ilifika hadi ndani ya kiini cha seli.

Burkitt hakuridhika kuchora tu. Akiwa Kampala alijaribu dawa chache za saratani, na baadhi ya watoto waliokuwa wakingojea kifo walipona kabisa. Aliondoka Uganda mwaka 1966. Katika miaka iliyofuata aliwahimiza watu wale nafaka zisizokobolewa na mikunde, chakula ambacho sisi tungekiita ugali wa dona na maharage. Alikuwa Mkristo wa Kianglikana aliyedumu katika sala na Maandiko Matakatifu, mume wa Olive na baba wa mabinti watatu. Alifariki tarehe 23 Machi 1993.

Mpendwa msomaji, saratani ile bado ipo, nayo hutibika ikiwahiwa. Mtoto akivimba taya na meno yake yakalegea, au tumbo lake likivimba upesi, tusiseme ni jino bovu tu, wala tusitafute mchawi. Tumfikishe hospitalini siku hiyohiyo, ili apelekwe kwenye hospitali za rufaa zinazotibu saratani za watoto, kama Muhimbili au Bugando. Uvimbe unaokua maradufu kwa siku mbili haungoji mavuno yauzwe. Daktari mwenye jicho moja aliwaona watoto wale kwa sababu alitoka nje kwenda kuwatazama. Nasi tunaolala nao nyumba moja tuna wajibu wa kuwaona mapema zaidi.