Carothers: Daktari aliyedai ubongo wa Mwafrika umelala

JOHN Colin Carothers hakuwa amesomea magonjwa ya akili alipokabidhiwa Hospitali ya Mathari, Nairobi, mwaka 1938. Alikuwa daktari wa kawaida wa serikali ya kikoloni, wa kutibu malaria, vidonda na kuhara, na uteuzi wenyewe ulikusudiwa kuwa wa muda tu. Alikaa huko miaka 12. Alipoondoka mwaka 1950 alikwisha jipatia sifa, mbele ya wakubwa wa London na Geneva, ya kuwa mjuzi wa akili ya Mwafrika. Mwaka uliofuata aliwaarifu wasomi wenzake kwamba Mwafrika mzima wa afya hufanana sana na Mzungu aliyekatwa nyuzi za sehemu ya mbele ya ubongo.

Dai hilo lilisafiri mbali. Lilipita katika majarida ya utabibu, likachapishwa kwa muhuri wa shirika la Umoja wa Mataifa, likaingia katika mipango ya vita vya Mau Mau. Mpaka leo, anayesikia mtu akisema kwamba sonona ni ugonjwa wa Wazungu, ajue kwamba usemi huo uliwahi kuwa na daktari wa kuutetea kwa takwimu.

Carothers alizaliwa Simonstown, Afrika Kusini, mwaka 1903. Alisomea udaktari London na kuingia Kenya mwaka 1929. Kwa miaka tisa alihamishwa kutoka kituo hadi kituo, kama ilivyokuwa desturi kwa madaktari wa serikali, hadi nafasi ya Mathari ilipobaki wazi naye akatakiwa kuijaza. Shahada ya kitaalamu ya magonjwa ya akili aliipata baadaye, mwaka 1946, baada ya mafunzo mafupi katika hospitali ya Maudsley, London. Wakati huo alikuwa amewatibu wagonjwa wa akili kwa miaka minane.

Mathari yenyewe ilifunguliwa mwaka 1910 mahali palipokuwa pametumika kuwatenga wagonjwa wa ndui. Iliitwa waziwazi nyumba ya wendawazimu mpaka 1924 ilipopewa jina la hospitali. Wazungu, Wahindi na Waafrika walilazwa mbalimbali, na hali za wodi zilitofautiana kwa rangi kama kila kitu kingine katika koloni. Hiyo ndiyo iliyokuwa maabara ya Carothers, nayo kuta zake zilimwamulia mengi kabla hajashika kalamu.

Hakuwa wa kwanza kuiuliza Kenya swali la ubongo. Katika miaka ya 1930 Dkt H. L. Gordon, aliyepata kuiongoza Mathari, alikuwa akiwashawishi walowezi na wasomi wa Uingereza kwamba akili ya Mwafrika ni pungufu kwa kuzaliwa, na kwamba kumsomesha ni kumtafutia wazimu. Mwaka 1934 Dkt F. W. Vint wa maabara ya utafiti wa tiba, Nairobi, alichapisha matokeo ya kupima bongo 100 za wanaume Waafrika waliofariki. Alitaja wastani wa gramu 1,276, akaulinganisha na gramu 1,428 za Mzungu, akasema pia kwamba tabaka la juu la kijivu, ambamo mna seli za fikra, ni jembamba zaidi kwa Mwafrika.

Gramu hizo zilimtosha Gordon, na kwa kiasi fulani zilimtosha Carothers pia. Lakini mizani ya mpasuaji haipimi fikra. Uzito wa ubongo hufuata ukubwa wa mwili, umri, lishe ya utotoni, maradhi yaliyomuua mtu, na hata saa zilizopita kabla fuvu halijafunguliwa. Waliopimwa na Vint walikuwa maiti zilizofika maabara ya serikali, wengi wao, bila shaka, watu maskini. Vipimo vya Wazungu alivyovitumia vilitoka katika vitabu vya Ulaya. Tena mwandishi Mfaransa Anatole France, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1921, alikutwa na ubongo wa gramu 1,017 hivi. Albert Einstein alipofariki Aprili 1955, ubongo wake ulikuwa na gramu 1,230. Kwa hesabu ya Nairobi, Einstein angewekwa chini ya kibarua wa Kenya.

Carothers alikuwa mwangalifu kuliko Gordon. Aliacha suala la urithi likiwa wazi nusu, akaelekeza lawama nyingi kwa malezi na utamaduni. Mwaka 1947 alichapisha uchunguzi wa wagonjwa Waafrika waliolazwa Mathari tangu 1939 hadi 1943. Aliwahesabu, akawagawa kwa aina za maradhi, akafikia uamuzi kwamba wazimu ni haba mno kwa Waafrika, na kwamba ugonjwa wa huzuni kuu karibu haupo. Sababu aliyoitoa ni kwamba Mwafrika hajibebeshi wajibu binafsi. Jamaa, mila na mizimu humbebea, basi hana cha kumlemea moyo.

Hapa ndipo hesabu yake ilipopinda. Hospitali moja yenye vitanda vichache, iliyoko Nairobi, iliwapokea wale tu waliovuruga amani: aliyechoma nyumba, aliyempiga askari, aliyetembea uchi sokoni. Mama wa Keiyo au Nandi aliyekaa kimya jikoni miezi mitatu, asiyekula wala kulala, hakupakiwa katika lori la polisi. Alipelekwa kwa mganga, au aliachwa. Carothers aliuhesabu mlango wa Mathari akadhani ameihesabu nchi.

Na walioingia kwa mlango huo hawakuwa wote wagonjwa. Kutoka Eldoret, kupitia Webuye, si safari ndefu kufika Kimilili, alikozaliwa Elijah Masinde, mchezaji kandanda wa zamani aliyekuja kuongoza Dini ya Msambwa. Masinde alikataa amri za machifu wakati wa Vita Kuu ya Pili, akawataka Wazungu waondoke, akawarudisha watu kwenye ibada za wahenga. Mwaka 1945 serikali ilimpeleka Mathari, akakaa huko mpaka 1947. Mwaka 1948, baada ya polisi kuwafyatulia risasi waumini huko Malakisi, alikamatwa tena na kuhamishiwa Lamu kwa zaidi ya miaka 10. Kwa walowezi wa Trans Nzoia na Uasin Gishu, ambao vibarua wao walikuwa wakiisikiliza dini hiyo mashambani, ilikuwa nafuu kuamini kwamba kiongozi wake ni mwendawazimu kuliko kuuliza nani alikuwa na ardhi hiyo kabla yao. Hospitali iliyompokea ndiyo iliyokuwa chini ya Carothers.

Mwaka 1951 ikaja makala iliyomkuza. Ili kuielewa inafaa kujua kilichokuwa kikitendeka Ulaya. Mwaka 1935 daktari Mreno, Egas Moniz, alianzisha upasuaji wa kukata nyuzi zinazounganisha sehemu ya mbele ya ubongo na sehemu za ndani, akitumaini kuwatuliza wagonjwa wa akili. Wengi walitulia kweli, lakini kwa gharama: walipoteza ari, mipango, aibu na hisia kwa wengine. Moniz alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1949, tuzo ambayo tangu hapo imewatia haya watu wengi. Kazi ya sehemu hiyo ya mbele, iliyo nyuma ya paji la uso, ilikuwa imeanza kudokezwa karne moja kabla, Septemba 1848, pale Phineas Gage, nyapara wa reli huko Vermont, Marekani, alipopenywa kichwani na mtalimbo wa chuma. Alipona, akatembea na kusema, lakini waliomjua waliona tabia yake imebadilika.

Carothers aliwatazama wagonjwa waliokatwa hivyo, akawakumbuka Waafrika wa Kenya jinsi alivyowaona yeye, akasema ni kitu kimoja. Mwafrika, kwa maoni yake, hapangi kesho, hadhibiti hamaki, hafungamanishi mambo. Kwa hiyo sehemu ya mbele ya ubongo wake haitumiki. Hakufungua fuvu hata moja kuthibitisha hilo. Alianza na tabia, tena tabia kama zilivyoonekana na mwajiri na mtawala, akarudi nyuma kuibunia ubongo wa kufanana nayo. Ilikuwa vigumu kutosahau, ukisoma makala hiyo, kwamba Wanandi walioishi kandokando ya Eldoret waliwapinga Waingereza kwa silaha miaka 10, tangu 1895 hadi kuuawa kwa Koitalel arap Samoei mwaka 1905. Vita vya miaka 10 havipiganwi na watu wasiopanga kesho.

Elimu ya ubongo ya leo hailiachii dai hilo pa kusimama. Ubongo wa mtu mzima una seli za neva zipatazo bilioni 86, na kila moja huzungumza na maelfu ya nyingine kwa umeme hafifu na kemikali zinazovuka nafasi ndogo mno kati yao. Ingawa ubongo ni asilimia 2 hivi tu ya uzito wa mwili, hula karibu asilimia 20 ya nishati yake hata mtu akiwa amepumzika. Kiungo cha gharama namna hiyo hakina chumba kinachokaa bure. Sehemu ya mbele huchelewa kukomaa, hadi miaka ya ishirini na kitu, na njia zake huimarika kwa kutumiwa: mchungaji anayekumbuka malisho ya misimu mitano na mwanafunzi wa hesabu wote huitumia, kila mmoja kwa kazi yake. Kinachoweza kuudhuru kweli ni utapiamlo wa utotoni, malaria inayopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, jeraha. Hayo yalikuwapo Kenya ya 1951, nayo yalihitaji dawa na chakula.

Hata hivyo, sifa ya Carothers ilipanda. Shirika la Afya Duniani lilimwagiza aandike kitabu kuhusu akili ya Mwafrika katika afya na maradhi, nacho kikatoka mwaka 1953. Kiliandikwa kwa utulivu, bila matusi, kwa marejeo mengi. Na huenda hilo ndilo lililokipa nguvu kuliko kelele za Gordon. Alikuwa akizungumzia bara zima, ilhali sehemu kubwa ya aliyoyaona mwenyewe ilitoka Kenya, na tena ndani ya Mathari.

Mwaka 1954, Hali ya Hatari ikiwa imeingia mwaka wa pili, serikali ya Kenya ilimwita kutoka Uingereza aeleze chanzo cha Mau Mau. Aliandika kijitabu kilichopigwa chapa na serikali hiyohiyo. Humo vita vya ardhi na uhuru viligeuka hasa kuwa hangaiko la Wakikuyu waliokatika kutoka mila zao bila kuufikia ustaarabu mpya, na kiapo kikawa dalili. Alipendekeza, miongoni mwa mengine, watu wakusanywe vijijini. Mpango huo ulikuwa tayari unaanza. Yeye aliupa sura ya tiba. Watu zaidi ya milioni 1 walihamishwa kutoka maboma yao hadi vijiji vilivyozungushiwa mahandaki na miiba, na njaa na maradhi vikawafuata humo.

Majibu yalitoka kwa madaktari wa akili weusi. Frantz Fanon, mzaliwa wa Martinique aliyefanya kazi katika hospitali ya Blida nchini Algeria tangu 1953 hadi 1956, alimtaja Carothers katika kitabu chake cha mwisho cha mwaka 1961, akionyesha kwamba kile kilichoitwa ubongo uliolala kilikuwa kukataa kwa mtu aliyetawaliwa kumfanyia kazi bwana wake. Mnigeria Thomas Adeoye Lambo hakubishana sana, alifanya kazi. Huko Aro, Abeokuta, aliwatibu wagonjwa wakiwa wameandamana na jamaa zao vijijini, na utafiti aliofanya na Wamarekani miongoni mwa Wayoruba, uliotoka mwaka 1963, uliwafuata watu majumbani badala ya kuwangoja hospitalini. Sonona ilikutwa tele. Lambo alikuja kuwa naibu mkurugenzi mkuu wa Shirika la Afya Duniani, lilelile lililomchapisha Carothers.

Carothers hakubadilika sana. Alifanya kazi Portsmouth, Uingereza, na mwaka 1972, Kenya ikiwa huru kwa miaka tisa, alitoa kitabu kingine kuhusu akili ya mtu wa Afrika, akiyarejea mengi ya zamani kwa sauti ya chini zaidi. Wasomaji wake walikuwa wamepungua. Masinde, aliyewahi kuandikishwa Mathari, alifariki mwaka 1987 akiwa bado na wafuasi.

Carothers alifariki mwaka 1989. Mwaka 1990 Chuo Kikuu cha Moi kilipokea wanafunzi wake wa kwanza wa udaktari mjini Eldoret, katika hospitali iliyoanzishwa mwaka 1917, enzi ya walowezi, ambayo leo ni Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi. Humo ina wodi ya magonjwa ya akili, na miongoni mwa wanaotibiwa ni wagonjwa wa sonona, wakiletwa kutoka Keiyo, Nandi na Trans Nzoia.