Griffin: Kutoka kambi ya Wamumu hadi Starehe

Kijana wa Milimani, hebu shuka mjini upande matatu ya Nairobi. Kabla hujamaliza kuchati na mabeshte, ushafika Gilgil, pale makurutu wa NYS wanapopigishwa kwata. Sasa nikuulize: unamjua mtu aliyeiongoza NYS tangu ianze 1964 hadi 1988? Ni Geoffrey Griffin, yule yule wa Starehe.

Alizaliwa Eldoret mwaka wa 1933, akasoma Prince of Wales, ambayo leo ni Nairobi School. Vita vya Mau Mau vilipozuka akawa ofisa wa jeshi, upande wa serikali ya kikoloni. Usiliruke hilo. Alipochoshwa na aliyoyaona vitani, aliacha jeshi akaenda kufanya kazi na vijana waliokuwa kizuizini.

Mwaka wa 1955, wavulana waliofungiwa Manyani pamoja na watu wazima walianza kuhamishiwa Wamumu, kule Mwea. Griffin alikuwa mmoja wa waliosimamia kambi hiyo. Asubuhi darasa, halafu karakana: useremala, ushonaji, uashi. Fikiria wewe ni mvulana wa miaka 15, juzi ulikuwa ukiitwa gaidi, leo mtu anakupa msumeno na kukuachia ubao uukate mwenyewe. Ndiyo, bado ilikuwa kambi ya mkoloni, na serikali iliitumia kujipigia debe. Lakini mvulana aliyetoka na ufundi alikuwa na kitu cha kushika mkononi, maana shamba la babake huenda lilikuwa limeshachukuliwa.

Nairobi nayo ilijaa watoto waliolala nje. Wengine wazazi wao walikuwa wameuawa au kufungwa. (Tuliwabatiza chokoraa, na jina hilo tunalitumia hadi leo bila aibu.) Novemba 1959 Griffin, akiwa na Joseph Gikubu na Geoffrey Geturo, aliwafungulia mlango: vibanda viwili vya mabati. Hiyo ndiyo Starehe. Na kumbuka, Gikubu mwenyewe alikuwa amewahi kuwa kizuizini wakati wa Mau Mau. Jamaa aliyefungwa na aliyekuwa jeshini wakalea watoto pamoja.

Leo ukitaja Starehe watu wanafikiria alama za KCSE. Sawa, lakini wavulana wa pale walifagia, walilima, walijifunza ufundi, na likizo walijitolea kufanya kazi za umma. Kwenye baraza kila mmoja aliruhusiwa kulalamika mbele ya mkurugenzi, hata kuhusu chakula. Shule yako ina kitu kama hicho?

NYS ilipoanza, Griffin alibeba kazi zote mbili. Vijana wasio na ajira walivaa sare, wakajenga barabara, kisha wakafundishwa ufundi.

Alifariki Juni 28, 2005, akiwa bado mkurugenzi wa Starehe. Miezi michache tu kabla ya hapo, kituo cha wasichana kilikuwa kimefunguliwa, miaka 45 baada ya kile cha wavulana.