Hukwe Zawose: Mchunga ng'ombe wa Doda aliyeibeba ngoma ya Wagogo

Na Mwandishi Wetu

MWAKA 2003 ulikuwa umebakiza siku moja tu kumalizika wakati Hukwe Ubi Zawose alipofariki dunia mjini Bagamoyo. Desemba 30 ya mwaka huo Tanzania ilimpoteza mpiga ilimba aliyekuwa ameizunguka dunia kwa zaidi ya miaka 20, huku vijana wengi wa mjini wakiwa hawajui hata jina la ala aliyokuwa akiipiga.

Zaidi ya miongo miwili imepita tangu siku hiyo. Jina lake linatajwa kila yanapozungumzwa matamasha ya ngoma za asili, kuanzia la Bagamoyo hadi lile la muziki wa Wagogo linalofanyika Chamwino, mkoani Dodoma. Kinachosahaulika mara nyingi ni kwamba nyuma ya mtu huyo mmoja palikuwa na wanakijiji wengi ambao hawakupata kupanda ndege.

Zawose alizaliwa katika kijiji cha Doda, Dodoma, mwaka 1938 kwa mujibu wa kumbukumbu nyingi, ingawa wapo wanaotaja 1940. Alikulia katika kazi ya watoto wengi wa kiume wa Ugogo, yaani kuchunga ng'ombe wa baba yake. Porini huko, mbali na macho ya wakubwa, ndiko alikojizoeza kupaza sauti. Baba yake alikuwa mwanamuziki, na ndiye aliyekuwa mwalimu wake wa kwanza.

Ugogo ni nchi kame. Mvua ikikataa, njaa huingia, na wazee wa huko waliikumbuka kwa muda mrefu njaa ya Mtunya iliyowaua watu wengi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na baada yake. Katika nchi ya namna hiyo ngoma si burudani ya kujazia muda. Ina majira yake, na ina wenyewe. Mavuno yakishaingia ghalani, watu hupata nafasi ya kucheza. Jando na unyago vina nyimbo zake, na wanawake ndio wenye muheme, ile ngoma wanayoibana katikati ya mapaja na kuipiga kwa mikono huku wakiimba. Zipo pia nindo, msunyunho, saigwa na mpendo, kila moja na mahali pake katika maisha ya watu.

Mtoto aliyekulia humo hakuhitaji kupelekwa shule ya muziki. Wagogo huimba kwa sauti nyingi zinazopishana na kukutana tena, na anayekosea husikika mara moja. Kijana Hukwe alifundishwa na kijiji kizima. Ni deni ambalo baadaye lingemfuata kila alikokwenda.

Uhuru ulimkuta akiwa kijana. Desemba 1962, katika hotuba yake ya kwanza Bungeni akiwa Rais wa Jamhuri, Mwalimu Julius Nyerere alitangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, akisikitika kwamba Waafrika walifundishwa kucheza dansi za Ulaya na kuzisahau za kwao. Katika miaka hiyo hiyo kilianzishwa Kikundi cha Taifa cha Ngoma, na wasanii wakatafutwa vijijini. Sifa za mpiga ilimba wa Doda zilimfikia Mwalimu, naye akamwita Dar es Salaam.

Tukio hilo husimuliwa kama bahati ya mtu mmoja. Ukilitazama kwa upande wa pili, serikali ilikuwa ikivichukulia vijiji mafundi wake. Mpiga zeze akienda mjini kulipwa mshahara, sherehe za nyumbani hubaki na pengo. Tena ngoma iliyozoea kuchezwa usiku kucha ililazimika kukatwa iwe ya dakika chache, ipate kutosha kwenye ratiba ya mapokezi ya wageni wa kitaifa. Wasomi wa sanaa wamelijadili sana jambo hili, na kwa maoni ya mwandishi hakuna haja ya kulificha. Hata hivyo, bila ya mwito huo huenda muziki wa Wagogo usingesikika nje ya Dodoma.

Zawose alikuwa na dawa yake ya tatizo hilo. Badala ya kukata mizizi, aliwachukua ndugu zake. Wapwa, watoto na jamaa wengine waliletwa pwani, na nyumbani kwake Bagamoyo pakageuka kijiji kidogo cha Kigogo kando ya Bahari ya Hindi. Watoto walijifunza muheme na ilimba kwa namna ile ile aliyojifunza yeye, yaani kwa kukaa karibu na kusikiliza.

Mwaka 1981 kilianzishwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kikichukua nafasi ya vikundi vya sanaa vya taifa, na Zawose akawa miongoni mwa walimu wake. Mwaka uliofuata likaanza Tamasha la Sanaa la Bagamoyo, mahali ambapo wanafunzi na walimu walionyesha kazi zao mbele ya wakazi wa mji. Watazamaji wake wa kwanza walikuwa wavuvi, wauza samaki na watoto wa mitaa ya jirani. Jumba la maonyesho la chuo lilipoungua moto mwaka 2002, tamasha halikufa pamoja nalo. Chuo chenyewe kilibadilishwa mwaka 2007 kuwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, maarufu kama TaSUBa.

Hapo Bagamoyo ndipo Zawose alipozifanyia ala zake mageuzi makubwa. Ilimba ni sanduku la mbao lenye vyuma vinavyochezwa kwa vidole gumba, na kwenye matundu yake hubandikwa utando wa buibui ili sauti itoke na mtetemo kama wa nyuki. Yeye aliikuza na kuiongezea vyuma hadi ikawa kubwa kupita zile za kawaida za Ugogo. Zeze nalo, ambalo kwa kawaida huwa na nyuzi chache, alilizidishia nyuzi. Sauti yake ilishuka kifuani hadi kuwa ngurumo, kisha ikapanda ghafla hadi kufanana na ya mtoto, na waliomsikia kwa mara ya kwanza kwenye redio walidhani wanaimba watu wawili.

Katikati ya miaka ya 1980 alikwenda Uingereza na wenzake, na huko ikatolewa albamu ya Tanzania Yetu mwaka 1985. Baadaye alijiunga na Real World, kampuni ya mwanamuziki Peter Gabriel, iliyotoa albamu ya Chibite mwaka 1996. Aliirekodi pamoja na mpwa wake, Charles Zawose. Jina hilo ni la Kigogo, maana yake twende. Mwaka 2002 ikatoka Assembly, aliyoshirikiana na Michael Brook wa Canada, na mwishoni mwa mwaka huo Hukwe na Charles wakatumbuiza katika ziara ya Gabriel huko Amerika Kaskazini, mbele ya maelfu ya watu katika kumbi za michezo.

Huo ulikuwa mwaka wake wa mwisho kuumaliza akiwa hai. Charles, aliyetarajiwa na wengi kurithi kiti, alifariki mwaka 2004. Ndani ya muda mfupi familia ilikuwa imepoteza nguzo mbili.

Kagera nayo inaujua msiba wa aina hiyo. Mwaka 1993 alifariki Habibu Selemani, mpiga enanga aliyekuwa akisimulia tenzi za Wahaya, na Profesa Mugyabuso Mulokozi akamwandika kama wa mwisho wa kizazi chake. Enanga hupigwa na mtu mmoja. Mwenyewe akiondoka bila mwanafunzi, hakuna anayebaki kushika uzi. Ngoma ya Wagogo ilinusurika kwa sababu haikuwa ya mtu mmoja.

Ushahidi ulionekana Chamwino. Mwaka 2009, miaka sita baada ya kifo cha Zawose, Kituo cha Sanaa Chamwino kilianzisha tamasha la muziki wa Wagogo. Miongoni mwa waliolisimamia ni Dk. Kedmon Mapana, msomi wa muziki na mzaliwa wa huko huko, ambaye baadaye alikuja kuwa Katibu Mtendaji wa Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA. Hufanyika Julai, mavuno yakiwa yamekwisha, na vikundi hutoka katika vijiji mbalimbali vya Dodoma.

Anayelitazama akiwa kwenye kiti cha wageni huona rangi za vitenge na vumbi. Gharama yake haionekani. Kikundi cha muheme hakikamiliki bila akina mama kadhaa, na kila mmoja anaacha nyumba, mifugo na watoto kwa siku zote za safari. Lazima awepo jirani wa kuchota maji na kuchunga mbuzi. Ngozi ya ngoma ikichanika, yupo anayetoa nyingine. Mazoezi hufanyika jioni, watu wakiwa wamechoka na kazi. Wafadhili wakipungua, kama inavyotokea kwa matamasha mengi nchini, mchango huo usioandikwa popote ndio unaobaki.

Kwa upande wa familia, mwanawe Msafiri Zawose ameendelea na ilimba na kutoa albamu zake, ikiwamo Uhamiaji ya mwaka 2017. Lakini habari iliyowashangaza wengi ni ya wanawake wa ukoo huo. Enzi za Mzee Hukwe, ilimba na zeze vilikuwa vya wanaume, na mabinti walikaa nyuma wakiitikia na kupiga muheme. Mwaka 2024, Pendo, bintiye, na Leah, mjukuu wake, walitoa albamu iitwayo Maisha kupitia kampuni ile ile ya Real World, kwa jina la The Zawose Queens. Safari hii wao ndio walikaa mbele, na ilimba ilikuwa mikononi mwao.