Forssmann: Daktari aliyefungua njia ya kufikia moyo bila kupasua kifua

MZAZI wa Meru au Embu ambaye mtoto wake mchanga amegunduliwa kuwa na kasoro ya mishipa ya moyo huenda akapewa rufaa hadi Nairobi. Baadhi ya kasoro hizo hutibiwa bila kupasua kifua: daktari hupenyeza katheta, yaani mrija mwembamba, katika mshipa wa pajani na kuusukuma taratibu hadi moyoni. Aliyethubutu kuipita njia hiyo mapema ni Werner Forssmann, na ujasiri huo ulimgharimu kazi.

Forssmann alizaliwa Berlin, Ujerumani, Agosti 29, 1904. Mnamo 1929, akiwa daktari chipukizi katika hospitali ya mji wa Eberswalde, aliamini kwamba mrija ungeweza kufika moyoni pasipo kumdhuru mtu. Mkuu wake alimkataza kujaribu. Muuguzi aliyetunza vifaa alikubali kumsaidia, mradi jaribio lifanywe mwilini mwake. Forssmann alimfunga mezani, kisha kwa siri akapasua mshipa wa mkono wake mwenyewe na kuingiza mrija. Aliteremka kwa miguu hadi chumba cha eksirei, akausukuma mpaka sentimita 65. Picha ilionyesha ncha yake ikiwa ndani ya moyo.

Badala ya sifa, alifukuzwa katika hospitali kuu ya Charité, Berlin. Hatimaye aligeukia tiba ya maradhi ya njia ya mkojo. Maisha yake yana doa pia: alijiunga na chama cha Nazi mwaka wa 1932, na katika Vita Vikuu vya Pili alikuwa daktari wa jeshi.

Huko New York, André Cournand na Dickinson Richards waliliendeleza wazo lake, na mwaka wa 1956 watatu hao wakatunukiwa Tuzo ya Nobel. Miaka 10 baadaye, William Rashkind wa Philadelphia alitumia katheta yenye puto kupanua tundu katika ukuta wa moyo wa watoto ambao mishipa yao mikuu miwili ilikuwa imebadilishana nafasi. Damu ikachanganyika, wakapata pumzi hadi siku ya upasuaji.

Forssmann alifariki Juni 1, 1979, kwa maradhi ya moyo.

Njia aliyoiacha haimfaidi mtoto anayecheleweshwa nyumbani. Midomo ikigeuka samawati, mtoto akihema na kutokwa jasho anaponyonya, au asipoongeza uzani, apelekwe hospitalini bila kusubiri.