Khalifa Aliyetaka Kalamu Isiyomwaga Wino



Ndugu msomaji, baada ya kumshukuru Allah (SW) aliyetufikisha tena Ramadhan, mwezi ambao Mtume (SAW) aliteremshiwa amri ya kusoma, napenda tuzungumze kidogo juu ya kalamu.

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Nadapal, njia ya Lodwar kwenda Kakuma. Nikapewa kalamu ya wino ya marehemu babu yangu, iliyokaa ndani ya kopo miaka mingi. Wino ulikuwa umegandamana kama gundi, na kile kimpira cha ndani kinachofyonza wino kimeoza. Nikailoweka kwenye maji baridi siku mbili, nikiyamwaga kila yalipogeuka buluu. Fundi saa mmoja wa Lodwar akanitafutia kimpira kingine. Sasa inaandika, alhamdulillah. Basi nikajiuliza: ni nani aliyewaza kwanza kuuweka wino ndani ya kalamu? Wengi wetu tutasema ni Wazungu. Hebu tumtazame mtu huyu.

KUZALIWA KWAKE

Jina lake ni Maad, akaitwa Al-Muizz li-Dinillah. Alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 930 katika mji wa Mahdia, pwani ya Tunisia ya leo. Mwaka 953, akiwa kijana wa miaka kama ishirini na moja hivi, yaani rika letu, akawa khalifa wa nne wa Fatimiyya. Tuseme wazi kwamba Fatimiyya walikuwa Mashia wa Ismailia, na makhalifa wa Baghdad hawakuutambua ukhalifa wao. Lakini historia husomwa yote.

KALAMU YA DHAHABU

Zama zile watu waliandika kwa kalamu ya utete. Unachovya kwenye kidau, unaandika maneno machache, unachovya tena. Ukisafiri lazima ubebe na kidau, na kikipinduka nguo imeharibika. Kadhi wake, Al-Nuuman, ameandika kwamba Al-Muizz alitamani kalamu yenye wino wake ndani, ambayo mtu ataitia kwenye mkono wa kanzu, ataigeuza juu chini, na isidondoshe hata tone mpaka aanze kuandika. Waliokuwepo waliona ni jambo gumu. Yeye akalieleza mpaka fundi akalielewa, na baada ya siku chache fundi akaja na kalamu ya dhahabu. Mara ya kwanza ilitoa wino mwingi kidogo kuliko inavyotakiwa. Khalifa hakuitupa. Aliamrisha irekebishwe, ikarekebishwa, ikawa sawasawa. Kadhi akaona humo mfano wa mtu mwema: humpa anayehitaji, na hamwagi ovyo.

MISRI NA AL-AZHAR

Mwaka 969 jemadari wake Jawhar, mtu aliyeanza maisha utumwani, aliiteka Misri iliyokuwa imedhoofishwa na njaa. Akajenga mji mpya, Al-Qahira, ndio Cairo ya leo, na mwaka 970 akaanza kujenga msikiti wa Al-Azhar. Swala ya kwanza iliswaliwa humo Ramadhan ya mwaka 361 Hijria (972). Ramadhan iliyofuata, khalifa mwenyewe akaingia Cairo, na Wamisri wengi husimulia kuwa zile taa zao za Ramadhan zilianzia kwenye mapokezi yake. Mwaka 975 mtoto wa yule kadhi, Ali bin Al-Nuuman, alikaa ndani ya Al-Azhar akasomesha kitabu cha baba yake mbele ya watu. Mwisho wa mwaka huohuo Al-Muizz akafariki, akiwa na miaka arobaini na kitu tu.

FUNZO KWETU

Sasa ndugu yangu, linganisha vitu hivi viwili vya mtu mmoja. Ile kalamu ilibaki kuwa kitu cha ajabu cha ikulu. Haikuenea sokoni, wala hatusikii fundi aliyewafundisha wengine. Leo haipo, na tusingejua habari zake kama kadhi asingeandika. Ikapita miaka mia tisa na zaidi, mpaka mwaka 1884 Lewis Waterman wa New York akasajili kalamu yenye kijia cha kuingiza hewa wino unapotoka, na kalamu za namna hiyo zikaenea duniani.

Al-Azhar nayo? Dola ya Fatimiyya ilianguka mwaka 1171, Salahuddin akasimamisha swala ya Ijumaa pale, na ikarudishwa karne ya 13. Baadaye ikawa ngome ya elimu ya Kisunni, na mpaka leo vijana wa Afrika Mashariki huenda kusoma huko. Dola ilibadilika, madhehebu yakabadilika, lakini darsa limebaki kwa sababu mlango ulifunguliwa kwa watu.

Tuache kujisifu tu kwamba Waislamu ndio waliotangulia. Tumetangulia, halafu tukaifungia kalamu sandukuni! Wangapi kati yetu tumefika chuo kikuu na hatujamfundisha hata mtoto mmoja wa kijijini kwetu hesabu?

Mimi nimeanza na dogo. Ile kalamu ya babu nimewaonyesha wadogo zangu jinsi ya kuifungua, kuiosha na kuijaza. Wameshachafua mikeka, mama amelalamika, lakini nikirudi chuoni haitaganda tena.

Allah atujaalie elimu yenye manufaa, na atukubalie funga zetu. Amin.

Ramadhan Karim.