Bismarck: Mwanasiasa aliyeunda Ujerumani kwa kuwatenganisha wakubwa

OTTO von Bismarck alipozaliwa Schönhausen, Prussia, Aprili 1, 1815, hapakuwa na nchi moja iitwayo Ujerumani. Baadaye mwaka huohuo liliundwa shirikisho la dola zipatazo 39, kubwa kwa ndogo, chini ya uongozi wa Austria. Ufaransa nayo iliridhika na hali hiyo, kwani haikutaka jirani mwenye nguvu.

Mwana huyo wa kabaila aliwasoma wakubwa wa Ulaya kwa karibu. Alikuwa balozi St Petersburg kuanzia 1859, kisha Paris, kabla ya Mfalme Wilhelm wa Kwanza kumteua waziri mkuu wa Prussia mnamo Septemba 1862. Azma yake ilikuwa kutopigana kamwe na wakubwa wawili kwa wakati mmoja.

Wapolandi walipoasi mwaka 1863, alisimama upande wa Urusi, fadhila ambayo mfalme wa huko hakuisahau. Mwaka 1864 alishirikiana na Austria kuinyang'anya Denmark majimbo ya Schleswig na Holstein. Kisha akamgeukia mshirika wake. Oktoba 1865 alimwendea Napoleon wa Tatu mjini Biarritz, akamwacha na matumaini matupu ya zawadi isiyoandikwa popote. Italia, iliyoitamani Venice, akaifanya rafiki.

Austria ilishindwa Königgrätz Julai 3, 1866. Mfalme na majenerali walitamani kuingia Vienna kwa shangwe; Bismarck alikataa katakata. Hapa ndipo busara yake ilipodhihirika, kwani alijua adui wa leo angehitajika kesho.

Zamu ya Ufaransa ilifika 1870. Alifupisha simu ya maandishi kutoka Ems hadi ikawa tusi, na Paris ikatangaza vita. Papo hapo alilipenyezea gazeti la The Times la London hati iliyofichua tamaa ya Ufaransa juu ya Ubelgiji. Uingereza ikakaa kando, Urusi vilevile. Januari 18, 1871, Wilhelm alitangazwa kaisari katika kasri la Versailles.

Hata hivyo, kuchukuliwa kwa Alsace na sehemu ya Lorraine kuliwatia Wafaransa kinyongo kisichopoa. Chansela huyo alitumia miaka yake iliyosalia madarakani kuwanyima marafiki. Pwani yetu pia iliguswa na hesabu zake: mwaka 1886 Ujerumani na Uingereza ziligawana bara lililodaiwa na Sultani Barghash wa Zanzibar, na mpaka wa Kenya na Tanzania unatokana na mgawanyo huo.

Kaisari Wilhelm wa Pili alimwondoa Machi 1890. Mkataba wa siri na Urusi ukaachwa ufe mwaka huohuo, na kufikia 1894 Urusi na Ufaransa zilikuwa washirika. Bismarck aliyashuhudia hayo akiwa Friedrichsruh, alikofariki Julai 30, 1898.