Mtakatifu Cyprian, Askofu wa Carthage

Mara nyingi walimu wetu huulizwa kama Wakristo wa zamani walimtambua Askofu wa Roma kuwa mkuu wa Kanisa. Shahidi anayeitwa na pande zote mbili ni Mtakatifu Cyprian, mwana wa Afrika.

Alikuwa mwalimu wa ufasaha katika mji wa Carthage, katika nchi iitwayo leo Tunisia. Alibatizwa yapata mwaka 246, na muda si mrefu akachaguliwa kuwa askofu. Mwaka 250 Kaisari Decius aliwashurutisha watu kuitolea miungu dhabihu, na Wakristo wengi wakaanguka. Dhuluma ilipotulia, yakazuka mafarakano juu ya kuwapokea tena. Huko Roma Novatian alijifanya askofu kinyume cha Papa Cornelius. Cyprian akashikamana na Cornelius, akaandika kitabu juu ya umoja wa Kanisa, akifundisha ya kuwa Kristo aliuanza umoja huo kwa Petro. Katika barua kwa Cornelius alitaja Roma kuwa kiti cha Petro na chimbuko la umoja wa makuhani.

Lakini haki yataka tuseme na mengine. Papa Stefano aliagiza waliobatizwa na wazushi wasibatizwe tena. Cyprian alikataa. Tarehe 1 Septemba 256 maaskofu wa Afrika walikusanyika Carthage, na kura 87 zikamwunga mkono. Naye akatamka ya kuwa hapana askofu ajifanyaye askofu wa maaskofu. Hata sura ya nne ya kitabu chake imetufikia kwa namna mbili, moja ikitaja wazi ukuu wa Petro. Wataalamu wengi wadhani zote mbili ni za mkono wake.

Baadaye Kanisa lilifuata neno la Roma juu ya ubatizo. Heshima ya kiti cha Petro ni ya kale. Kiasi cha mamlaka yake kilikuwa kingali kikijadiliwa. Amshikaye Cyprian upande mmoja tu, amemkata shahidi vipande viwili.

Tarehe 14 Septemba 258 alikatwa kichwa kwa ajili ya imani, akiisha kuagiza mwuaji wake apewe vipande 25 vya dhahabu. Roma, aliyobishana nayo, yamtaja katika Misa pamoja na Cornelius, na sikukuu yao ni moja, 16 Septemba. Basi sisi nasi tujifunze kushindana kwa hoja pasipo kuupasua umoja.